Kurejea katika Fani Baada ya Mitihani ya Maisha: Somo kutoka Maktabani



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake.

Ndugu zangu wanafunzi, wahariri wa jarida hili waliniomba niandike somo kuhusu kazi ya ukutubi. Nimechagua sehemu moja ya kazi hiyo ambayo haifundishwi darasani: namna mtu anavyorudi kujiendeleza katika fani yake baada ya maisha kumkatiza njia. Mimi ni mkutubi hapa Kampala. Nilikaa nje ya maktaba miaka minane, kisha nikarudi. Ninayoyaandika nimeyapitia mwenyewe, mengine kwa kukosea.

Najua wengi wenu hamsomei ukutubi. Lakini katika vyuo vyetu wapo waliokatiza masomo Goma au Bujumbura kwa sababu ya vita, wapo walioolewa katikati ya shahada, na wapo waliorudi kijijini kumuuguza mzazi. Hata msomaji ambaye njia yake imenyooka hadi leo hajui ya kesho. Kwa hiyo chukueni mfano wa maktaba, kisha kila mmoja aupime kwa fani yake.

Mwisho wa somo, msomaji awe ameelewa mambo matatu: kwanza, nini hasa hupotea mtu anapokaa nje ya fani na nini hubaki, pili, hatua za kurejea, tatu, nia ambayo mtu anarejea nayo.

1. Njia ilivyokatika

Nilisomea ukutubi Makerere. Shule ile ilianzishwa mwaka 1963 kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima, na wakutubi wa mwanzo wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania walipita pale. Nilihitimu mwaka 2007, nikaajiriwa katika maktaba ya chuo kimoja, nikafanya kazi miaka minne. Nilikuwa mwepesi wa kuorodhesha vitabu, na nilijivunia rafu zangu. Kitabu kikiwekwa pasipo mahali pake nilikiona nikiwa mlangoni.

Mwaka 2011 nilijifungua pacha, nikaacha kazi. Nia yangu ilikuwa miaka miwili. Watoto walipofika umri wa kwenda shule ya chekechea, mume wangu akaanza kuumwa figo. Miaka iliyofuata ikawa ya hospitali, ya kutafuta nauli, ya kumsindikiza kwenda kusafishwa damu kwa mashine. Mwaka 2018 Mwenyezi Mungu akamchukua. Nikakaa eda ya miezi minne na siku kumi, kama ilivyowekwa katika Suratul-Baqarah aya ya 234.

Eda ilipokwisha nilikuwa na watoto wawili wa kulea na cheti kilichokaa ndani ya bahasha. Shemeji yangu aliniambia, "Shahada unayo, rudi kazini." Sikumjibu. Nilikuwa nimepita karibu na maktaba moja wiki ile, nikachungulia dirishani. Yale makabati ya mbao yenye droo za kadi hayakuwapo tena. Palikuwa na kompyuta nne na kijana mmoja amekaa nyuma ya meza. Nikajisemea kwamba kazi niliyosomea imekufa kama mume wangu alivyokufa.

Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na ndilo kosa la wengi. Mtu anaona vyombo vimebadilika, anadhani elimu yenyewe imeondoka.

2. Nini kilibadilika, na nini kilibaki

Tuangalie kwa uadilifu, bila kujitia moyo kwa maneno matupu. Katika ile miaka minane ukutubi ulibadilika kweli.

Nilipoondoka tulikuwa tunaorodhesha kwa kanuni zijulikanazo kwa kifupi AACR2. Mwaka 2010 zilitolewa kanuni mpya, RDA, na tarehe 31 Machi 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaanza kuzitumia rasmi. Maktaba nyingi duniani zikafuata. Kwa kanuni za zamani, kitabu chenye waandishi zaidi ya watatu tulimtaja wa kwanza tu, wengine tukawafupisha. RDA inaruhusu kuwataja wote. Zamani tuliandika vifupisho vingi kwa sababu kadi ilikuwa ndogo. Sasa maneno huandikwa kamili, kwani kompyuta haina tatizo la nafasi. Katika rekodi za MARC ziliongezwa sehemu za 336, 337 na 338, zinazoeleza kama kitu ni maandishi, sauti au picha, na kama kinahitaji mashine ili kisomwe.

Mwaka ule ule nilioondoka, 2011, lilitoka toleo la 23 la uainishaji wa Dewey. Mimi nilikuwa nimezoea la 22.

Kadi zilikufa. Mahali pake zikaja programu za kuendeshea maktaba, na iliyoenea sana katika nchi zetu ni Koha. Programu hii ilitengenezwa New Zealand, ikaanza kutumika mwaka 2000, na hutolewa bure. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Pia vyuo vilianza kuweka tasnifu za wanafunzi katika hazina za kidijitali, nyingi zikitumia programu ya DSpace. Majarida ya kitaaluma yakahamia kwenye intaneti, na kupitia mpango wa Research4Life taasisi za nchi zenye kipato kidogo zikapata kuyasoma bure au kwa malipo madogo.

Hayo ndiyo yaliyobadilika. Sasa tazameni yaliyobaki.

Mkutubi bado anajibu maswali yale yale manne: hiki ni cha nani, kinahusu nini, kikae wapi, na nani anakihitaji? Dewey alitoa mfumo wake mwaka 1876, na hadi leo Uislamu uko kwenye 297: Qur'ani kwenye 297.122, Hadithi kwenye 297.124, tasawwuf kwenye 297.4, sira ya Mtume (s.a.w.) kwenye 297.63. Kitabu cha mirathi bado kinamsumbua mkutubi: akiweke 297.14 pamoja na hukumu za dini, au 340.59 pamoja na sheria ya Kiislamu? Swali hilo nililijibu mwaka 2009 kwa kalamu, na ninalijibu leo kwa kompyuta. Kompyuta hainiamulii.

Nitawapa kisa kimoja. Mwaka 2019 nilipokea kazi ya muda katika maktaba nyingine, chini ya kijana aliyekuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi na mbili. Wiki ya pili akaja mwanafunzi wa kike anatafuta vitabu vya Imam Ghazali. Kijana akaandika "Gazali" kwenye kompyuta, haikutokea kitu. Akaandika "Al-Gazali", hakuna. Akamwambia, "Dada, hatuna." Mwanafunzi akaanza kufunga mkoba wake.

Mimi nilikuwa nabandika stika kwenye vitabu vipya. Nikakumbuka kadi za zamani zilizoandikwa juu yake neno "Tazama". Jina la Imam huyu huandikwa kwa namna nyingi katika herufi za Kilatini, na wakutubi walikubaliana tangu zamani kuliweka chini ya umbo moja, Ghazzali, lenye zeta mbili, likifuatwa na miaka yake, 1058 hadi 1111. Nikamwomba kijana ajaribu hivyo. Vikatokea vitabu sita, kimojawapo kikiwa rafuni hatua tano kutoka pale tulipokuwa tumesimama.

Kijana akanitazama akasema, "Mama, hilo umelijua wapi?" Kuanzia siku ile tukapatana. Yeye alinifundisha Koha saa ya chakula cha mchana, mimi nikamfundisha majina ya waandishi wa Kiarabu na wa Kiswahili na namna ya kuweka rejea ili anayeandika Gazali, Ghazali au Ghazzali wote wafike mahali pamoja. Nilichodhani kimekufa kilikuwa kinahitajika, ila kilikuwa kimefungiwa katika chombo nisichojua kukifungua.

3. Mfano wa Imam Ghazali mwenyewe

Kwa kuwa tumemtaja, tusimame kwake kidogo, kwani maisha yake yana somo letu hasa.

Imam Ghazali alizaliwa Tus mwaka 450 Hijria. Alikuwa mwalimu mkuu katika Nidhamiyya ya Baghdad, cheo kilichotamaniwa na wanazuoni wa zama zake. Mwaka 488 Hijria, sawa na 1095, alipatwa na mtihani wa nafsi mzito hata ulimi wake ukashindwa kusomesha. Akaacha kazi, akaacha umaarufu, akaenda Sham, Baitul-Maqdis, kisha Makka na Madina. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba mahitaji ya familia na wito wa watoto wake ulimrudisha nyumbani. Ni mwaka 499 Hijria, baada ya miaka kumi na moja, ndipo alipokubali kusomesha tena, safari hii Nishapur.

Katika kitabu chake cha kueleza safari yake ya kielimu, Al-Munqidh min adh-Dhalal, anagusa jambo la ajabu. Anasema kwa maana kwamba ingawa amerudi kueneza elimu, haoni kuwa amerudi. Kwa sababu kurudi ni kwenda tena katika hali ile ile ya kwanza. Hapo kwanza alikuwa akifundisha elimu inayomletea mtu jaha, naye akiikusudia jaha hiyo. Sasa alikuwa akiita katika elimu ya kuiacha jaha. Kazi ilikuwa ile ile, nia ilikuwa nyingine.

Mimi si Ghazali, na yeye hakuwa na pacha mgongoni. Lakini niliposoma maelezo yale nilielewa kilichonipata. Kabla ya mwaka 2011 maktaba kwangu ilikuwa rafu. Nilimkasirikia msomaji aliyevuruga mpangilio, nilitoza faini bila kuuliza sababu. Kisha ikaja miaka ya hospitali. Usiku mmoja nilikaa kwenye benchi la korido nikiwa na karatasi ya vipimo vya mume wangu, imejaa maneno nisiyoyafahamu, na hapakuwa na mtu wa kunieleza. Mimi niliyesomea kutafuta maarifa sikujua nianzie wapi, maana sikuwa na kitambulisho cha maktaba yoyote wala fedha ya intaneti. Nilirudi nyumbani alfajiri sijui lolote.

Niliporudi kazini, kila anayekuja kwenye meza yangu namwona kama mtu aliyekaa kwenye benchi lile. Anaweza kuwa anatafuta kitabu cha kemia tu. Lakini simjibu "hatuna" kabla sijatafuta kwa njia tatu. Hilo sikufundishwa Makerere, na kama nisingeondoka huenda nisingelijua hadi leo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, miaka uliyomlea mtoto au kumuuguza mzazi usiihesabu kuwa tupu. Imepokewa kutoka kwa Mama Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na swala ikifika hutoka. Kuhudumia nyumba hakukumpunguzia utume. Jiulize tu: kazi ile ilinifunza nini ambacho fani yangu inakihitaji?

4. Hatua za kurejea

Sasa tuingie katika utekelezaji. Hatua hizi nimezipanga kwa mfano wa mkutubi, lakini mhasibu, muuguzi au mwalimu anaweza kuzitumia.

Hatua ya kwanza: jifanyie muhasaba kwa kalamu. Chukua karatasi, igawe safu tatu. Safu ya kwanza andika unachokijua bado. Ya pili, ulichokijua lakini kimebadilika. Ya tatu, ambacho hukuwahi kukijua. Karatasi yangu ilikuwa na mistari kumi na tisa safu ya kwanza, saba safu ya pili, na mitano safu ya tatu. Kabla ya kuandika nilidhani kila kitu kiko safu ya tatu. Hofu ikikaa kichwani haina mpaka. Ukiiandika unaweza kuihesabu.

Hatua ya pili: anza na jambo moja, na udumu nalo. Tumefundishwa na Mtume wetu (s.a.w.) kwamba amali inayopendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu japo ni ndogo. Mimi nilitenga nusu saa baada ya swala ya alfajiri, kabla watoto hawajaamka. Mwezi wa kwanza nilisoma tofauti za AACR2 na RDA peke yake. Nilichukua vitabu kumi vya nyumbani, nikaandika rekodi ya kila kimoja kwa kanuni za zamani, kisha kwa kanuni mpya, nikalinganisha. Siku mtoto alipougua nilisoma dakika kumi. Sikuacha kabisa.

Hatua ya tatu: tafuta mahali pa kufanyia mazoezi kwa mikono. Kusoma kuhusu Koha na kuitumia ni vitu viwili. Katika msikiti wa mtaani kwetu kulikuwa na maboksi ya vitabu vilivyotolewa waqfu, vimekaa stoo miaka mingi, vingine vimeanza kuliwa na mchwa. Nikaomba ruhusa kwa imamu kuviorodhesha. Vilikuwa mia nne na kidogo: tafsiri za Qur'ani kwa Kiswahili na Kiluganda, vitabu vya fiqhi, vya sira, vya watoto. Fundi mmoja kijana akatuwekea Koha kwenye kompyuta kuukuu. Nilikosea sana mwanzoni. Wiki nzima niliingiza vitabu bila namba ya nakala, ikabidi nianze upya. Lakini makosa yale niliyafanya mahali ambapo hayakumuumiza mtu, na mwishowe watoto wa madrasa wakapata maktaba. Angalieni misikiti ya karibu na vyuo vyenu. Maboksi kama yale yako mengi.

Hatua ya nne: jifunze kwa aliye mdogo. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Kumwuliza kijana aliyezaliwa nikiwa shule ya msingi namna ya kubadilisha neno la siri kulinichoma. Nikakumbuka kisa katika Suratul-Kahf: Nabii Musa (a.s.), Mtume wa Mwenyezi Mungu, alisafiri hadi makutano ya bahari mbili kumtafuta mtu wa kumfundisha asichokijua, na akamwomba kwa adabu amfuate. Kama Musa hakuona haya, mimi nani? Ila mkutubi mkongwe asiende mikono mitupu. Ana kitu cha kubadilishana, nacho kimo katika safu ya kwanza ya karatasi yake.

Hatua ya tano: rudi katika jamaa ya wenzako. Aliyekaa nje huwa peke yake, na upweke humfanya aone yeye tu ndiye aliyebaki nyuma. Uganda ina chama cha wakutubi, na Kenya na Tanzania vivyo hivyo. Vyama vya kanda yetu ya mashariki, kati na kusini mwa Afrika hukutana kila baada ya miaka miwili katika mkutano uitwao SCECSAL, ukizunguka nchi hadi nchi. Mara ya kwanza nilipohudhuria mkutano wa chama nilikaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango. Wakati wa chai nikakutana na kina mama wawili waliokuwa wamerudi kama mimi, mmoja baada ya miaka kumi na tano. Tukafungua kikundi cha simu, tukawa tunaulizana maswali ambayo tuliona haya kuyauliza kazini.

Hatua ya sita: usiifiche miaka yako. Katika usaili wa kwanza nilijaribu kuipitisha ile miaka minane haraka haraka. Nikaulizwa mara mbili, nikababaika, kazi sikuipata. Usaili wa pili nilisema wazi: nilizaa, niliuguza, nilifiwa, na tangu nirudi nimefanya hiki na hiki, na huu hapa ni orodha ya vitabu mia nne nilivyoorodhesha. Wakaiangalia orodha. Ukweli ni sehemu ya dini yetu, na mara nyingi ndio unaomwondolea mtu woga.

Hatua ya saba: uwe tayari kwa mabadiliko mengine. Mwezi Machi 2020, nikiwa sijamaliza mwaka kazini, taasisi zote za elimu Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona. Maktaba ikafungwa mlango, na wanafunzi wakawa wanaomba makala kwa simu. Wenzangu ambao hawakuwahi kuondoka walihangaika kama mimi. Siku zile niliona kwamba hakuna mkutubi aliyefika mwisho wa kujifunza. Tofauti yangu na wao ilikuwa kwamba mimi nilikuwa tayari katika mazoezi ya kuanza upya. Hata Mtume wetu (s.a.w.) aliamrishwa katika Surat Ta-Ha aya ya 114 aombe kuzidishiwa elimu.

5. Neno kwa ndugu wanaume na kwa taasisi

Mtu harejei peke yake. Ile nusu saa yangu ya alfajiri ilikuwepo kwa sababu mama yangu alikubali kuhamia kwangu. Saa zangu za jioni msikitini zilikuwepo kwa sababu shemeji yangu aliwachukua watoto madrasa. Ndugu yangu mwanamume, mke wako au dada yako akisema anataka kurudi katika fani yake, usimjibu kwa dua peke yake. Muulize anahitaji saa ngapi, kisha mtafutie hizo saa.

Na tusidhani kwamba mwanamke katika maktaba ni jambo la kuletwa na watu wengine. Katika Darul-Ilm ya Baghdad, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, alihudumu mwanamke mweusi aitwaye Tawfiq. Mshairi al-Ma'arri amemtaja katika Risalatul-Ghufran kuwa ndiye aliyekuwa akiwatolea vitabu wanakili. Hatujui mengi zaidi kumhusu. Lakini vitabu walivyonakili wale wanazuoni vilipita mikononi mwake kwanza.

6. Nia

Aya za mwanzo kumteremkia Mtume (s.a.w.), zilizo katika Suratul-Alaq, zimetaja kusoma, na zimetaja kalamu. Mwenye kazi ya kumfikisha msomaji kwenye kitabu yuko karibu na amri hiyo. Elimu aliyopewa ni amana, na amana haifutiki kwa kuwekwa kabatini miaka minane. Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na elimu isiyonufaisha. Nilipoiona shahada yangu katika ile bahasha niliogopa isije ikawa katika hiyo.

Basi kabla ya hatua zote saba, kaa na ujiulize unarejea kwa ajili ya nini. Ukirejea ili uwathibitishie waliokucheka, utachoka siku watakapoacha kukutazama. Ukirejea kwa ajili ya riziki ya halali ya watoto wako, hiyo ni ibada. Ukiongeza juu yake nia ya kumnufaisha yule anayekuja kwenye meza yako hajui aanzie wapi, basi kazi ile ile uliyoiacha utaikuta imekuwa kubwa kuliko ulivyoiacha.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Chora ile karatasi ya safu tatu kwa fani unayoisomea. Kama ungeiacha leo kwa miaka minane, ni mambo gani yangebaki safu ya kwanza?

2. Ni tofauti gani kati ya kuondoka kwa Imam Ghazali na kuondoka kwa mtu aliyelazimishwa na ugonjwa, vita au ulezi? Ni kitu gani kinachofanana katika kurejea kwao?

3. Kwa nini ni vigumu mkubwa kujifunza kwa mdogo? Adabu za pande zote mbili ni zipi?

4. Je, katika jumuiya yetu ya wanafunzi yuko mwenzetu aliyekatiza masomo mwaka huu? Nani anajua habari zake, na tunaweza kumsaidia nini kabla miaka haijawa mingi?

5. Msikiti wa karibu nanyi una vitabu? Viko wapi, na nani anavisoma?

Swali la nne naomba msilipite haraka. Kwangu mimi ilitosha shemeji mmoja kusema "rudi kazini", na kijana mmoja kuuliza "umelijua wapi?" Huenda kuna mtu chumbani kwake leo anasubiri maneno kama hayo kutoka kwenu.

Namwomba Mwenyezi Mungu (s.w.) atuzidishie elimu yenye manufaa, awarehemu wagonjwa wetu waliotangulia, awafungulie njia waliokatikiwa, na atujaalie tuwe sababu ya wao kurejea. Aamiin.

Wabillaahi tawfiiq.